Namba ya Maji

Binti yangu alianza kung'oka meno ya utotoni mwaka wa 2007, akiwa darasa la pili, na yale ya kudumu yalipochomoza yalikuwa na madoa ya rangi ya chai. Mwanzoni nilidhani ni uchafu. Nilimpigia mswaki mwenyewe, nimemshika kidevu mbele ya dirisha penye mwanga, nikasugua kwa chumvi mpaka ufizi ukatoa damu naye akalia. Madoa yalibaki palepale.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Lanet, nje ya mji wa Nakuru. Tulikuwa tumehamia huko na baba yake, mtoto akiwa bado ananyonya, tukanunua ploti ndogo na kujenga pole pole. Kilichotuvuta ni kisima. Karibu na geti letu kulikuwa na kisima kirefu ambacho wakazi walichanga wakachimba, kikiwa na tangi lililoinuliwa juu ya vyuma na mifereji ya kila mtu kuteka. Mtu aliyetoka mitaa ambayo mfereji unakohoa hewa wiki nzima akiona maji yakimwagika vile, anasema Mungu amemkumbuka. Yalikuwa maangavu, tena matamu. Wageni wetu kutoka Nairobi walikuwa wakiyasifu, na mimi nilikuwa nikiwajazia chupa warudi nayo.

Daktari wa meno mjini hakuchukua muda. Alimwambia mtoto afungue mdomo, akammulika, akazima taa.

"Mnakunywa maji ya wapi?" aliniuliza.

"Ya kisima."

"Basi ndiyo hiyo."

Akanieleza habari ya floridi. Alisema Bonde la Ufa letu limelalia mawe ya volkano, na maji yanayotoka chini sana hubeba madini hayo kutoka kwenye mawe. Kidogo chake ni kizuri kwa meno. Ikizidi huyaharibu, na ikizidi sana kwa miaka mingi hufika hata kwenye mifupa. Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisahau: kwamba meno ya mtoto hujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla hayajaonekana.

"Unaweza kubadilisha maji leo," alisema, "na ubadilishe. Lakini haya yatakayotoka mwaka huu na mwaka ujao yalishatengenezwa."

"Lakini mimi huyachemsha, daktari. Huyu mtoto hajawahi kunywa maji bila kuchemshwa."

Alinitazama kwa huruma. "Ukichemsha maji yanapungua, floridi inabaki. Unaifanya iwe kali zaidi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiamka mapema kuweka sufuria kwenye jiko. Nilikuwa nikijiona mama mwangalifu.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya darasa langu na kwa mara ya kwanza nikaangalia midomo. Nilikuwa nimewafundisha wale watoto tangu Januari. Karibu nusu yao walikuwa na yale madoa, wengine meupe kama chokaa, wengine kahawia, wawili au watatu meno yameanza kumong'onyoka. Tulikuwa tumezoea. Huku kwetu mtu akiwa na meno hayo watu husema tu, huyo amezaliwa hapa hapa. Hakuna aliyeuliza ni kisima gani.

Nilikwenda kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa ikishughulika na maji. Afisa niliyempata alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyenipa kiti na kunisikiliza mpaka mwisho. Alinieleza kwamba kila kisima hupimwa kikichimbwa, na ripoti huwekwa pale.

"Basi naomba kuona ya kisima chetu," nilisema.

"Hiyo si ya kuonyesha kila mtu, madam."

"Lakini kisima ni chetu. Tulichanga."

"Kisima ni chenu. Ripoti ni ya serikali." Alisema hivyo bila kejeli yoyote, kama mtu anayekuelekeza choo kiko upande gani. "Andika barua kwa mkuu, utajibiwa."

Niliandika. Sikujibiwa. Nikarudi, nikaambiwa mkuu yuko semina Naivasha. Nikarudi tena, nikaambiwa barua haionekani. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, nikiwa ofisi ya walimu, simu yangu ililia, namba imefichwa. Nilimtambua yule afisa kwa sauti.

"Mwalimu, usiseme ni mimi. Hayo maji ya kisima chenu, mtoto mdogo asipewe."

"Ni kiasi gani?"

"Ni mara kadhaa ya kile kinachokubalika. Na si chenu peke yake, mwalimu. Huko kwenu viko vingi."

"Ni vipi hivyo vingine?"

Simu ikakatika. Hadi leo sijui kama kredit ilimwishia au aliikata mwenyewe.

Nilipeleka habari kwa kamati ya kisima. Mwenyekiti aliniuliza nimeambiwa na nani. Sikuweza kusema. Akaniuliza karatasi iko wapi. Sikuwa nayo. Akacheka, akaonyesha wenzake meno yake meupe, akasema yeye ndiye aliyekunywa maji yale tangu siku ya kwanza. Alikuja Lanet akiwa mtu mzima, mwenye meno yaliyokomaa, lakini hilo sikujua kulieleza siku hiyo. Nilitoka pale nikijua ukweli wa maji yetu, nao haukunisaidia kitu nje ya jikoni kwangu.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyelichukua. Alikuwa fundi wa simu mjini, na kibanda chake kilikuwa kona ya duka la vitambaa la mama mmoja Mhindi aliyempangisha hapo karibu na mlango. Alikuwa kijana mwenye makelele na furaha, aliyeweza kufungua simu iliyoanguka chooni na kuirudisha ikiongea. Nilimpata amejikunja juu ya kompyuta aliyoiunga kwa vipande vya kompyuta nyingine, nikamweleza yote.

"Siz," aliniambia bila kuinua kichwa, "hiyo kitu ni SMS moja tu. Mtu anatuma jina la kisima, anajibiwa. Imeisha."

"Ajibiwe nini, na hatuna ripoti?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Si tupime wenyewe?"

Alikuwa amewahi kumtengenezea simu mhadhiri mmoja wa chuo kikuu kilicho upande wa Njoro. Mhadhiri huyo alikubali kutupimia maji katika maabara yake, mradi tuyalete katika chupa safi za plastiki zilizoandikwa vizuri. Tukaanza. Wanafunzi wangu waliambiwa walete maji ya nyumbani, na kwa wiki kadhaa dawati langu lilikuwa limejaa chupa za soda zenye jina la kisima kwenye plasta. Mdogo wangu alizibeba kwa gunia. Majibu yaliporudi, aliyaingiza kwenye kompyuta, akaiunganisha simu kuukuu kwa waya, akaweka programu aliyoitoa kwenye mtandao pale saiba. Ujumbe ukiingia, mashine inasoma jina na kujibu yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa maneno. Ujumbe mmoja haukubali zaidi ya herufi mia moja na sitini, na mimi nilizoea kuandika maelezo marefu ubaoni. Nilifuta na kuandika, nikafuta tena. Mwishowe ukawa hivi: "Maji haya si salama kwa mtoto chini ya miaka minane. Kuchemsha hakusaidii. Mpe ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa." Ukihesabu utakuta inaenea.

Tukabandika karatasi zenye namba ile kwenye posho mill za kusaga unga, zahanati, makanisa na nje ya shule. Ujumbe wa kwanza uliingia mimi nikiwa hapo hapo kibandani. Mdogo wangu alinishika mkono. Tulikaa tumeitazama ile simu kama watu wanaosubiri mtoto aongee. Ikatetemeka, ikajibu. Alipiga kelele hadi mwenye duka akatoka ndani na futi yake shingoni kuuliza kumetokea nini.

Huyo mama alitaka naye kujua maji yake. Walikuwa na kisima nyumbani, na wajukuu walikuwa wakija likizo. Tulimpimia, na hayakuwa mazuri. Mdogo wangu akamwambia wako watu wa kanisa wanaotengeneza vichujio vya mkaa.

"Mkaa ya nini?" mama aliuliza.

"Ya mifupa, mama."

"Mifupa ya nini?"

Mdogo wangu alinitazama nimwokoe. Mimi nikatazama vitambaa. "Ya ng'ombe," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Mama alifumba macho. Tangu azaliwe hakuwa amekula hata yai. Kisha akasema, "Fundi, wewe weka tangi kwa paa yangu. Mvua iko ya Mungu." Tulicheka wote watatu. Nakumbuka sana kicheko hicho, kwa sababu baada ya hapo hatukucheka pamoja tena hivyo.

Namba ile ilienea kutuzidi. Watu walidhani ni ya serikali. Walituma majina ya visima, lakini walituma na mengine: "Kitambulisho changu kimetoka?" "Mahindi ni bei gani Eldoret?" "Jina langu liko kwa kura?" "Barabara ya kwetu pesa zilienda wapi?" Mdogo wangu alikuwa akinisomea hizo jumbe kwa simu jioni, na nilisikia sauti yake ikibadilika. Watu walikuwa na maswali hayo miaka yote, na sasa wamepata tundu la kuyapitishia.

Matatizo nayo yakaanza. Mtu alikatwa kredit na ujumbe usifike. Mwingine alijibiwa mara tatu. Wengine, kwa kukosa kredit, walikuwa wanaflash tu wakitaka wapigiwe. Mdogo wangu alipiga kwa kampuni ya simu, akasikilizishwa muziki, akaambiwa asubiri, akaambiwa abonyeze mbili, muziki ukarudi. Alikuwa akiweka simu kwenye kaunta iendelee kuimba huku yeye akichomelea simu ya mteja.

Kampeni za uchaguzi zilipopamba moto, laini ikafungwa. Asubuhi moja ilikuwa imekufa tu. Siku hiyo nilikuwa na nafasi, nikaandamana naye hadi kwenye duka la kampuni hiyo mjini. Tulichukua tiketi, tukakaa kwenye foleni, tukafika kwa msichana mmoja nadhifu aliyebonyeza-bonyeza kompyuta yake.

"Hii laini ilikuwa inatuma meseji mingi kuliko mtu wa kawaida," alisema.

"Ndio," mdogo wangu akajibu. "Ni za maji."

"Boss, sistimu haijui maji. Inajua meseji ni mingi."

"Basi mnifungulie, nitawaeleza ni za nini. Soma moja, uone."

"Siwezi kusoma meseji ya mteja, hiyo ni siri." Aliona uso wa mdogo wangu akalegea kidogo. "Pole. Kama ni huduma, lazima uwe na namba fupi. Unasajili kampuni, unaenda Nairobi hedi ofisi, na kama ni mambo ya afya unaleta barua ya wizara kwamba hizo data ni za ukweli."

Tukatoka nje tukasimama kwenye jua. Barua ya wizara ingetoka katika ofisi ile ile iliyonipotezea barua yangu.

Hata hivyo nilikwenda. Yule afisa alinipokea kama mara ya kwanza, akanisikiliza, akainamisha kichwa. "Nikiwapa barua kwamba zenu ni za kweli," aliniambia, "wataniuliza kwa nini zetu hatukuzitoa." Hakuwa mtu mbaya. Nimewahi kumfikiria kwa hasira, lakini mara nyingi zaidi namfikiria kwa uchungu, jinsi alivyokaa katikati ya yale makabati akijua majina ya visima vyote na kuogopa sauti yake mwenyewe.

Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na nchi ikashika moto. Januari yote simu zilikuwa zinabeba sumu. Uliamka ukakuta ujumbe kutoka namba usiyoijua, ukiwataja watu wa kabila fulani kwa maneno ya kuwalinganisha na wadudu. Kredit iliadimika madukani. Serikali nayo ikatutumia ujumbe wa kutuonya tusisambaze chuki. Na katika mtaa aliokuwa akiishi mdogo wangu, mtu akakumbuka kwamba kuna kijana ana mashine ya kutumia watu wengi SMS kwa mara moja.

Hiyo ilitosha. Laini yake ilikuwa imefungwa tangu Novemba, lakini nani angemwuliza? Mwisho wa Januari, Nakuru ilipolipuka, vijana wa mtaa walikwenda kumtafuta nyumbani wakamkosa. Alikuwa kibandani. Mwenye duka la vitambaa alisikia kelele zikija kwenye barabara, akamvuta ndani, akashusha chuma cha mlango, akamlaza nyuma ya marobota ya pazia. Walivunja kibanda kilichokuwa nje. Walichukua kompyuta, simu za wateja, waya, hata stuli. Mwenye duka alinieleza baadaye jinsi mdogo wangu alivyokuwa. Alikuwa amelala pale ameshika kichwa, na mara moja tu alimwuliza, "Mama, nimewakosea nini?"

Waliletwa watu wengi waliokimbia makwao kwenye uwanja wa maonyesho siku hizo, na yeye alilala huko siku kadhaa kabla baba ya mtoto wangu hajafaulu kumfikia na kumleta kwetu. Alikaa Lanet mpaka Machi. Alikunywa maji yetu ya mvua, akamsaidia binti yangu hesabu, akakataa kushika simu. Simu ya mtu ikilia nyumbani alikuwa akitoka nje.

Nilimwomba mhadhiri nakala za yale majibu. Alisikitika. Alikuwa ameandika matokeo kwenye vikaratasi alivyotupa sisi, nasi tukavitupa tulipomaliza kuyaingiza kwenye kompyuta. Aliahidi kutupimia upya. Lakini shule yangu ilikuwa imepoteza karibu theluthi moja ya watoto, familia zimetawanyika kila upande, na sikuwa na moyo wa kumwambia mama aliyelala kwenye hema aniletee chupa ya maji ya nyumba iliyochomwa.

Katikati ya mwaka huo nilipiga ile namba, sijui kwa nini. Ilipokelewa na mwanamke wa Kericho, aliyeuziwa laini hiyo akidhani ni mpya.

"Ni wewe unajua hii maneno ya visima?" aliniuliza kabla sijajitambulisha. "Watu wananisumbua. Wananitumia majina ya mahali sijui. Juzi mwingine ameniuliza kama mtoto wake anaweza kunywa. Mimi nitamwambia nini?"

Nilimwomba samahani. Nilimwambia akiulizwa tena aseme mtoto apewe maji ya mvua. Akasema sawa, atajaribu, lakini yeye ana kazi zake.

Mdogo wangu alipata kibarua huko Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Nilimtembelea Desemba ya 2008. Alikuwa amenenepa kidogo, anavaa kofia ngumu na buti, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mabomba akisoma vipimo na kuviripoti kwa redio ya mkononi. Tulikaa nje ya kantini tukila chapati kwa maharagwe, mvuke ukinguruma nyuma yetu hadi ikabidi tuinue sauti. Nilimwambia mjini sasa kuna vijana wanafanya mambo mengi na simu, kwamba watu hata wanatumiana pesa, kwamba pengine wakati wetu ulikuwa umewahi mno, na tungeweza kujaribu tena.

Alitafuna pole pole. "Siz, ulikuwa ujumbe mzuri ule," alisema. "Ulinichukua siku nzima kuufupisha."

"Mimi ndiye niliyeufupisha."

"Ni wewe?" Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Basi nilikuwa nimesahau hata hiyo."

Redio yake ikamwita. Alijibu kwa sauti ya kazi ambayo sikuwahi kuisikia kwake, fupi na ya heshima, akataja namba ya bomba na presha yake. Alipomaliza aliniuliza kama baba ya mtoto alishapanda viazi, na hatukuzungumza habari ya maji tena.